MBEGU YA MUWA NI MUWA WENYEWE



Mkulima wa mahindi akitaka mbegu anakwenda dukani au anafungua gunia. Mkulima wa maharage naye ana debe lake. Lakini mkulima wa miwa hana gunia wala debe. Anachukua panga, anakata muwa uliosimama, anaukatakata vipande, anavilaza kwenye mfereji na kuvifukia. Baada ya wiki 2 au 3 shamba linaanza kuota. Nani alimfundisha? Alimwona baba yake, na baba alimwona babu.

Kwa sababu kazi hii inaonekana nyepesi, watu wengi hawaipi uzito. Mbegu inachukuliwa popote. Jirani akivuna, mwenzake anaomba mabaki. Muwa ukikomaa mno hata hautafuniki, basi unafanywa mbegu. Halafu shamba likidumaa tunasema ardhi imechoka, au mvua ya mwaka huu haikuwa na baraka.

Leo tunataka kueleza habari ya mbegu hiyo. Tunawaeleza wenzetu wanaouza miwa kiwandani, kama wale wa bonde la Kilombero na wa Mtibwa mkoani Morogoro. Tunawaeleza pia wale wenye mashina machache kando ya kijito, miwa ya kutafuna, ya kukamua maji yake sokoni, au ya kupikia sukari guru. Muwa ni muwa, na kanuni za mbegu ni zile zile.

Kwanza tukumbushane jambo moja. Muwa haupandwi kila mwaka. Ukishapanda, unavuna miwa ya kwanza, na shina lililobaki ardhini linachipua tena. Machipukizi hayo ndiyo tunayaita maotea. Shamba lililotunzwa vizuri huvunwa maotea mara 5, na pengine zaidi. Kwa hiyo mkulima aliyepanda mbegu mbaya ya mahindi anajuta msimu mmoja. Aliyepanda mbegu mbaya ya miwa atakaa nayo miaka 6. Kila mwaka atapalilia, atanunua mbolea, atalipa wakataji, na kila mwaka mzigo unaofika kwenye mzani utakuwa mwepesi kuliko wa jirani.

HEBU TUTAZAME MUWA

Chukua muwa mmoja uutoe majani. Utaona una mafundo, na kati ya fundo na fundo kuna sehemu laini yenye maji matamu. Sasa tazama kwenye fundo lenyewe. Upande mmoja kuna kitu kidogo kilichochongoka, kimelala juu ya ganda. Hilo ni jicho. Ukigeukia fundo linalofuata, jicho liko upande wa pili. Kila fundo lina jicho lake.

Tazama tena karibu zaidi. Kuzunguka fundo lote kuna vidoa vidogo vilivyojipanga kama shanga kiunoni. Hivyo si alama za bure. Kila kidoa ni mzizi ambao haujatoka.

Kumbe basi, kila fundo ni mmea mzima uliolala. Jicho litakuwa shina na majani, vidoa vitakuwa mizizi, na maji matamu yaliyo katikati ni chakula cha safari. Ndiyo maana kipande kimoja cha muwa, ambacho huku kwetu tunakiita pingili, kinaweza kuanza maisha bila msaada wa mtu.

Lakini mtu atauliza: kama macho yote yako tayari, mbona hayachipui muwa ukiwa bado umesimama? Jibu ni kwamba kilele cha muwa kinayazuia. Kilele kikiwa hai kinapeleka amri chini kwamba wengine wote wangoje. Ukikata kilele, amri inakatika, na macho yanaamka. Bila shaka umewahi kuona muwa uliovunjwa kilele na upepo au na mifugo. Baada ya muda unatoa vichipukizi pembeni. Panga lako linafanya kazi hiyo hiyo.

Pingili ikiingia ardhini, vile vidoa ndivyo vinavyotangulia kutoa mizizi. Ni mizizi myembamba, na kazi yake ni kunywesha pingili maji. Jicho nalo linachipua, na chipukizi hilo baadaye linatoa mizizi yake lenyewe, minene na meupe. Kwa kadiri ya wiki 6 hadi 8 ile mizizi ya kwanza inakufa, na mmea mchanga unajitegemea. Katika wiki hizo za mwanzo pingili ndiyo mama. Kama mama ni mgonjwa, au amekauka, au ameishiwa maji, mtoto ataanza maisha kwa taabu.

SI MTOTO, NI MUWA ULE ULE

Tumesema mama na mtoto, lakini kwa kweli neno hilo halitoshi. Mahindi yana baba na mama, na mtoto anaweza kufanana na huyu au yule. Mmea unaotoka kwenye pingili hauna baba. Ni muwa ule ule uliokatwa, unaendelea kuishi mahali pengine. Kama ulikuwa mtamu, huu nao ni mtamu. Kama ulikuwa mwepesi wa kuugua, huu nao ni mwepesi wa kuugua.

Mfano mzuri ni aina moja ya miwa iliyolimwa miaka mingi Kilombero na katika nchi nyingi za kusini mwa Afrika. Jina lake ni NCo 376. Mbegu yake ya kwanza ilitoka Coimbatore, nchini India, ikaoteshwa na kuchaguliwa Natal, Afrika Kusini, na wakulima wakaanza kupewa mwaka 1955. Aina hiyo ilianza na mmea mmoja. Mmea huo ulikatwa pingili, na zilizoota zikakatwa tena, na tena. Kwa hiyo kila muwa wa NCo 376 uliowahi kusimama Kilombero ni kipande cha ule mmea mmoja. Unazaa vizuri, lakini una udhaifu wake: hauwezi kushindana sana na ugonjwa wa fugwe, ambao tutaueleza. Na kwa kuwa ni mmea mmoja, udhaifu huo uko katika shamba zima, toka mwanzo hadi mwisho wa mstari.

Hapa mtu ameona ua la muwa, lile kama manyoya meupe juu ya kilele, na anauliza: je, ile si mbegu? Ni kweli, ndani ya manyoya yale mna mbegu ndogo sana. Zamani wenye mashamba makubwa waliamini kwamba mbegu hizo haziwezi kuota kamwe. Halafu mwaka 1887 katika kisiwa cha Java, na mwaka 1888 huko Barbados, wataalamu wakathibitisha kwamba zinaota. Huko Java ilikuwa wakati wa shida kubwa, maana ugonjwa ulikuwa umeingia katika miwa yao, na kila walipokata pingili walikuwa wanaupanda upya. Mbegu ya ua iliwapa miwa mipya.

Lakini mbegu ya ua si kazi ya mkulima. Miche yake haifanani: mmoja mtamu, mmoja chachu, mmoja mwembamba kama tete. Wataalamu huotesha miche maelfu na kuchagua michache tu. Hapa nchini utafiti wa miwa unafanywa na kituo cha TARI Kibaha, mkoa wa Pwani. Sisi wakulima tunabaki na pingili.

MUWA GANI UNAFAA KWA MBEGU?

Muwa wa mbegu ni kijana. Umri unaofaa ni miezi 8 hadi 10. Wakati huo ganda limeshika, lakini macho bado yana nguvu na maji ni mengi. Muwa wa miezi 5 ni laini mno, unaoza upesi. Muwa mzee macho yake yamekauka na kuwa magumu, mengine yameliwa na wadudu, na mafundo ya chini yamekwisha kutoa mizizi ikafia juu. Unaweza kuuchukua kama huna mwingine, lakini usishangae mapengo.

Muwa uliotoa ua usiuchukue. Kilele chake hakikui tena, ndani mara nyingi umekuwa na sifongo kavu, na macho ya juu yamekwisha kuchipua bure.

Sasa tuje kwenye jambo linalowafurahisha watoto. Katika muwa mmoja, sehemu ya chini ndiyo tamu zaidi. Sehemu ya juu ni chapwa, ina maji mengi na sukari kidogo. Lakini macho ya juu ni machanga na ndiyo yanayoota haraka. Sehemu anayoipenda mtafunaji ndiyo inayoota kwa uvivu, na sehemu anayoitupa ndiyo mbegu nzuri. Kwa hiyo kama una mashina machache tu ya bustani, huna haja ya kuchagua kati ya kula na kupanda. Tafuna chini, panda juu. Wazee wa miaka mingi walifanya hivyo bila kuambiwa na mtu, nasi tunaona walikuwa na haki.

MARADHI YANAYOSAFIRI NDANI YA PINGILI

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo penye hasara.

Kwa kuwa pingili ni mwili wa muwa, ugonjwa ulio ndani ya muwa unakwenda nayo. Hauhitaji upepo wala mdudu. Mkulima mwenyewe anaubeba begani, anaupakia kwenye baiskeli au trekta, anaufukia kwa mikono yake na kuupa mbolea.

Ugonjwa wa kwanza ni fugwe. Huu unaonekana. Kilele cha muwa kinatoa kitu kirefu kama mjeledi, chembamba, kilichopinda. Mwanzoni kina utando mwembamba unaong'aa, halafu utando unapasuka na kuonyesha unga mweusi kama masizi. Unga huo ndio mbegu ya ugonjwa, na upepo unaupeleka kwenye macho ya miwa mingine. Jicho likishaingiwa, muwa unaweza kuonekana mzima kabisa. Unaukata, unaupanda, na mjeledi unatokea katika shamba jipya. Shina lenye fugwe hutoa vichipukizi vingi vyembamba kama majani ya ng'ombe, na miwa ya maana haipatikani. Katika maotea hali inazidi kuwa mbaya. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza Natal, Afrika Kusini, mwaka 1877, na leo uko karibu kila nchi inayolima miwa.

Ukiuona mjeledi, usiukate ovyo ukautupa njiani. Chukua mfuko, uuvike mjeledi taratibu kabla ya kuugusa, ufunge, ndipo ukate. Halafu ng'oa shina lote na mizizi yake ukachome moto. Shamba lenye mijeledi lisitoe mbegu, hata kwenye mashina yanayoonekana mazima.

Ugonjwa wa pili ni mwizi wa kimya. Unaitwa udumavu wa maotea. Unasababishwa na bakteria, yaani kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho hukaa katika mishipa ya maji ya muwa na kuiziba. Ukitazama shamba kwa nje huoni doa wala mjeledi. Majani ni ya kijani. Ila miwa ni mifupi na myembamba, na kila maotea yanakuwa duni kuliko yaliyopita. Mwaka wa jua kali hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa mmea hauwezi kupandisha maji. Ulitambuliwa Australia mwaka 1944. Kabla ya hapo ulikuwepo, lakini watu walidhani ni ardhi kuchoka. Hebu fikiri, ni mashamba mangapi ya kwetu yamelaumiwa hivyo hivyo?

Wakati mwingine ukipasua fundo la muwa uliokomaa kwa urefu, utaona vidoa vidogo vya rangi ya chungwa au nyekundu upande wa chini wa fundo. Hiyo ni dalili. Lakini usipoviona, haina maana kwamba muwa ni mzima.

Mwizi huyu anasafiri kwa njia 2. Moja ni pingili yenyewe. Nyingine ni panga. Panga likikata muwa mgonjwa linabaki na maji yake, na maji yale yanaingia kwenye kidonda cha muwa unaofuata. Mtu mmoja mwenye panga moja anaweza kuambukiza mstari mzima kabla ya saa ya chai.

Je, kuna dawa? Iko moja, nayo ni maji ya moto. Pingili huzamishwa katika maji ya nyuzi joto 50 kwa saa 2. Joto hilo linaua bakteria na kuacha jicho likiwa hai. Lakini usijaribu kwa sufuria ya nyumbani. Maji yakizidi nyuzi chache tu, macho yanaiva. Yakipungua, ugonjwa unabaki na wewe unaamini umetibu. Kazi hii inataka tangi maalum na kipimajoto, na inafanywa kwenye vituo vya utafiti na mashamba makubwa. Pingili zilizotibiwa hupandwa kwanza katika shamba la mbegu, zikazidishwa, ndipo wakulima wakapata. Kwa hiyo usimwulize bwana shamba tu kama kuna mbegu. Mwulize: "Mbegu hii imetoka shamba gani la mbegu? Ilitibiwa kwa maji ya moto? Imekwisha kukatwa na kupandwa mara ngapi tangu itibiwe?" Kadiri ilivyopandwa na kupandwa tena katika mashamba ya watu, ndivyo usafi wake unavyopungua.

Jambo la mbegu ya jirani ni gumu kidogo. Mtu amekupa kwa moyo mweupe, utaikataaje? Hatusemi ikataliwe. Tunasema omba kwanza kutembezwa shambani kwake, tena kabla ya siku ya kukata. "Mzee, shikamoo. Nimekuja tuitazame miwa pamoja." Hakuna atakayeona vibaya. Mtembee mstari kwa mstari mkitafuta mijeledi, majani yenye michirizi ya njano, na mashina yaliyodumaa. Kama shamba ni maotea ya tatu au ya nne, shukuru na utafute kwingine. Mbegu itoke kwenye miwa ya kupandwa, si maotea ya miaka mingi.

KUKATA

Siku ya kukata, ung'oe majani makavu kwa mkono, siyo kwa panga, maana panga linachubua macho. Na kama mbegu inasafiri mbali, acha majani yaizunguke mpaka ifike. Ni blanketi la macho.

Kata pingili zenye macho 3. Mtu atasema, kwa nini 3, si jicho moja linatosha? Kila ulipokata ni kidonda, na kuvu walio ardhini huingia kwa kidonda hicho. Macho ya pembeni yako karibu na hatari, lakini lile la katikati lina ulinzi pande zote. Kuna kuvu mmoja ambaye ukipasua pingili aliyoiozesha utaona ndani nyekundu, halafu nyeusi, na utasikia harufu kama ya nanasi lililoiva. Harufu ni nzuri lakini habari ni mbaya. Anapenda ardhi ya baridi iliyotuama maji, mahali ambapo jicho linachelewa kuota. Wenye uwezo huchovya pingili katika dawa ya kuvu kabla ya kupanda. Ukitumia dawa, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na hizo pingili zisitafunwe na mtu. Wako pia wanaootesha pingili za jicho moja katika viriba. Njia hiyo inaokoa mbegu sana, lakini inataka kumwagilia kila siku na uangalizi wa karibu.

Kata katikati ya fundo na fundo, kwa pigo moja. Pingili iliyopasuka iwekwe kando.

Juu ya panga, tunashauri hivi. Kuwa na mapanga 2 na ndoo moja yenye maji na dawa ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe. Panga moja liko mkononi, jingine limelala ndani ya ndoo. Ukimaliza rundo moja, futa uchafu, badilisha. Dawa haifanyi kazi juu ya panga lenye matope. Na anayekodi wakataji awaambie mapema, maana panga la mkataji limetoka kwenye shamba la mtu mwingine jana.

Pingili zilizokatwa ziwekwe kivulini na zipandwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Jua linakunywa maji ya pingili haraka kuliko mtu anavyodhani.

KUPANDA

Ardhi ilimwe vizuri. Chimba mifereji yenye kina cha sentimita 20 hadi 30, kwa nafasi ya mita 1.2 hadi 1.5 kati ya mfereji na mfereji. Weka samadi au mbolea ya kupandia chini, uchanganye na udongo kidogo.

Laza pingili, ncha ya moja ipite kidogo ncha ya nyingine. Macho yatazame pembeni, kushoto na kulia. Jicho linalotazama chini litaota pia, lakini itabidi lizunguke pingili nzima kutafuta mwanga, na litachelewa nyuma ya wenzake. Hatuoni sababu ya kugombana na vibarua kwa kila jicho, ila anayeweza kugeuza mkono ageuze.

Fukia kwa udongo wa sentimita 5 tu, yaani kama upana wa vidole 3. Hapa ndipo watu wanapokosea, wanajaza mfereji wote kama wanafunika kaburi. Udongo uliobaki uache kando. Utaurudisha kidogo kidogo wakati wa palizi, miwa ikiwa inakua, nao utashikilia mashina yasianguke.

Panda udongo ukiwa na unyevu, kwenye mwanzo wa mvua au penye maji ya kumwagilia. Joto nalo ni muhimu. Mahali pa joto macho yanatoka baada ya wiki 2 au 3. Nyanda za juu, wakati wa baridi, unaweza kungoja zaidi ya mwezi, na huko kuoza ni kwingi. Penye mchwa tazama pingili mara kwa mara, maana wanaingia kwenye ncha iliyokatwa na kula ndani, ganda likabaki kama filimbi.

Baada ya wiki 4 hadi 6 pita shambani ukihesabu mapengo. Pengo linalozidi nusu mita lijazwe. Usijaze kwa pingili mpya, kwa sababu zitakuta wenzao ni warefu na zitafunikwa na kivuli. Siku ya kupanda, zika pingili za akiba kwa kusongamana mwishoni mwa mstari. Mapengo yakionekana, hamisha miche hiyo yenye umri sawa.

KITALU CHAKO MWENYEWE

Tufanye hesabu. Ekari moja ni kama mita 70 kwa mita 58. Mifereji ikiachana mita 1.5, utapata mifereji 38, kila mmoja mita 70. Hiyo ni mita 2,660 za mfereji. Kila mita inataka pingili 3 za sentimita 40. Jumla ni 7,980, tuseme pingili 8,000. Muwa mmoja wa mbegu ukitoa pingili 4, unahitaji miwa 2,000. Ukinunua ni fedha nyingi, na usafiri wake ni fedha nyingine.

Sasa chukua sehemu ndogo, mita 20 kwa mita 20. Hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya ekari. Inachukua mifereji 13 ya mita 20, yaani mita 260, na inataka pingili 780 tu. Hizo 780 ndizo uzitafute kwa bidii, zile safi zilizotibiwa, hata kama ni ghali na ziko mbali. Kila mita ya kitalu ikikupa miwa 8 mizuri, utakuwa na miwa 2,080. Imetosha ekari nzima, na imebaki kidogo.

Kitalu kiwe mahali ambapo miwa haikuwepo mwaka uliopita, kwa sababu mashina ya zamani yanaota yenyewe na kuleta maradhi yake. Kiwe mbali kidogo na shamba kuukuu, karibu na maji, na karibu na nyumba ili ukipitie kila wiki. Kipandwe miezi 8 kabla ya siku ya kupanda shamba. Anayetaka kupanda Novemba, kitalu chake kiwe ardhini Machi. Shina lolote lenye mjeledi au lililodumaa ling'olewe siku ile ile, bila huruma. Watu kadhaa wa kitongoji kimoja wanaweza kushirikiana kitalu kimoja, mradi panga linaloingia humo ni moja, na ndoo ya dawa iko pembeni.

Na miwa ya kitalu haitafunwi. Watoto waelezwe mapema, na wapandiwe shina lao nyuma ya jiko.